Alma Alikuwa na Njaa

Wapendwa ndugu na dada,

Somo letu la wiki hii ni Alma sura ya 8, katika Kitabu cha Mormoni, nami naomba tukae kwenye aya chache ambazo wengi wetu huzipita haraka tukikimbilia mabishano na mwanasheria Zeezromu huko mbele. Alma, mhubiri wa neno la Mungu, amefukuzwa katika mji wa Amoniha. Wamemtukana, wamemtemea mate, wamemtoa nje ya mji. Anaondoka na moyo mzito, malaika anamkuta njiani na kumwamuru arudi. Anarudi upesi, anaingia mjini kwa njia nyingine, upande wa kusini. Na neno lake la kwanza kwa mtu wa kwanza anayekutana naye si mahubiri wala onyo. Anaomba chakula. Amefunga siku nyingi, ana njaa.

Mtu huyo ni Amuleki. Anamkaribisha kwake, anamwekea mkate na nyama, Alma anakula na kushiba, kisha anaibariki nyumba ile. Halafu inakuja aya ya 27, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito wa sura nzima: Alma alikaa na Amuleki siku nyingi kabla hajaanza kuwahubiria watu. Siku nyingi! Huyu ni kuhani mkuu wa Kanisa, aliyeacha kiti cha hukumu ili alihubiri neno, na sasa ametumwa na malaika kwenye mji ulio karibu kuangamizwa. Bado anakaa nyumbani kwa mwenyeji wake. Sidhani alikuwa anapumzika tu. Naamini kazi ya Amoniha ilikwisha kuanza pale mezani, na kwamba bila meza ile Alma angefukuzwa mara ya pili.

Nimekuwa nikiisoma sura hii nikiwafikiria wamisionari wa Kanisa letu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, vijana wanaopita milangoni mwetu wakiwa na beji kifuani zenye jina la Yesu Kristo.

Tuwatazame vizuri. Tangu mwaka 2012 mvulana anaweza kuitwa misheni akiwa na miaka 18. Atahudumu miezi 24. Dada atahudumu miezi 18. Hachagui aendako. Anajaza maombi, anahojiwa na viongozi wake, anasubiri, na siku moja inakuja barua ya wito inayomtajia misheni yake na lugha atakayofundishia. Inaweza kuwa lugha ambayo hajawahi kuisikia. Halipwi mshahara. Gharama zake hubebwa na yeye mwenyewe na familia yake, na pale wanapopungukiwa, waumini wengine huchangia. Masomo ameyaweka kando, na uchumba pia. Mpaka mwaka 2019 kuzungumza na wazazi kwa simu kulikuwa jambo la mara chache mno kwa mwaka. Sasa anaruhusiwa kuwapigia kila wiki katika siku yake ya matayarisho, siku ile ile ya kufua nguo, kufanya usafi na kununua mahitaji. Nashukuru kwa badiliko hilo. Mama anayesikia sauti ya mwanawe kila wiki anamwombea kwa namna nyingine.

Siku zake nyingine zina mpangilio wa karibu dunia nzima, ingawa tangu 2017 misheni zimepewa nafasi ya kuurekebisha kulingana na mazingira. Kuamka ni saa 12:30 asubuhi. Sala, mazoezi ya mwili, kifungua kinywa, kisha kujifunza maandiko: kwanza peke yake, halafu na mwenza wake. Anayejifunza lugha ngeni huongeza muda kwa ajili ya hiyo. Asubuhi ile ndiyo ghala lake. Mafundisho na Maagano, kitabu chetu kingine cha maandiko, katika 84:85 inawataka waweke akibani daima maneno ya uzima, nao watapewa saa ile ile kile kinachomfaa kila mtu. Ukimwona kijana wa miaka 19 anafungua aya sawasawa na swali lako, usidhani ni kipaji tu. Masomo ya asubuhi ile yamo ndani ya jibu lile.

Halafu kutoka. Hapa ndipo wengi tunadhani kazi yenyewe ni kugonga milango. Milango ipo, na mingi haifunguki. Lakini sehemu kubwa ya siku ni kutembea, kusubiri mtu aliyeahidi kuwepo na hayupo, kumpigia aliyeacha kupokea simu, kumsalimu asiyejua kama anataka kusalimiwa, kumsaidia mtu kazi ya mikono bila kumdai kitu. Jioni wanarudi, na usiku wanaketi wawili kupanga kesho. Saa hiyo ya kupanga ningetamani kila muumini aione. Wanapitia majina moja baada ya jingine. Fulani alisoma ile sura tuliyomwachia? Fulani anaogopa nini? Nani wa kata yetu, yaani usharika wetu, anafanana naye maisha, tumpeleke akaketi naye? Wanaomba kwa majina hayo, wanaandika mpango, na saa 4:30 usiku wanalala. Kwa hiyo wakikujia siku inayofuata kukuomba uandamane nao kwenye somo, jina lako halikuokotwa njiani. Lilitajwa katika sala.

Wawili hao nao hawakuchaguana. Bwana aliwatuma wanafunzi wawili wawili, tunasoma katika Marko 6:7, na agizo hilo likarudiwa katika Mafundisho na Maagano 42:6. Rais wa misheni, kiongozi wao, huomba na kuwapanga, na tangu siku hiyo wanakula, wanasali, wanatembea na kufundisha pamoja mpaka mmoja wao ahamishiwe kwingine. Mmoja anaongea sana, mwingine mkimya. Mmoja amelelewa katika Kanisa, mwingine amebatizwa miaka michache iliyopita na nyumbani hawakufurahia aondoke. Kujifunza kumpenda mtu ambaye huwezi kumkimbia ni shule ngumu kuliko milango yote iliyofungwa, na naamini Bwana aliikusudia iwe ngumu. Wasipopendana wao wawili, mtu aliyeketi mbele yao atajua kabla hawajamaliza sala ya kufungua.

Kuhusu kufundisha kwenyewe, mwongozo wao ni Hubiri Injili Yangu, uliotoka mwaka 2004 na kutolewa upya 2023. Kabla yake, kwa vizazi kadhaa, wamisionari wengi walikariri masomo neno kwa neno. Sasa wanajifunza mafundisho yenyewe: Urejesho (kurejeshwa kwa Kanisa la Kristo kupitia Nabii Joseph Smith), mpango wa wokovu, injili ya Yesu Kristo, amri na maagano. Kisha wanafundisha kwa maneno yao, kwa kadiri Roho anavyowaongoza na kwa kadiri ya mtu aliye mbele yao. Hilo linadai imani kubwa zaidi kwa kijana, kwa sababu hana maneno ya kukariri ya kujificha nyuma yake. Mafundisho na Maagano 50 inasema anayehubiri kwa Roho na anayepokea kwa Roho huelewana, na wote wawili hujengwa na kufurahi pamoja. Wote wawili. Yaani kama mmisionari ametoka kwenye somo amefundisha tu na yeye hakupokea kitu, kuna kilichopungua.

Niliwahi kuketi katika somo moja kama muumini aliyeandamana na wamisionari. Walikuwa wamejiandaa kufundisha Urejesho. Mama tuliyemtembelea hakungoja. Mara tu baada ya sala aliuliza kuhusu mtoto wake mchanga aliyefariki bila kubatizwa, maana aliwahi kuambiwa maneno mazito juu ya mtoto yule. Mmisionari mdogo, ambaye mpaka siku hiyo sikuwa nimemsikia akisema mengi, aliiweka pembeni karatasi ya mpango wake. Akafungua Moroni 8, katika Kitabu cha Mormoni. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, mahali pasemapo watoto wadogo ni hai katika Kristo na hawahitaji toba wala ubatizo. Akainua uso akasema, “Mama, mimi sina mtoto, siwezi kujua maumivu yako. Ila haya niliyoyasoma najua ni kweli.” Akanyamaza.

Ukimya ule ulikuwa mrefu, na hakujaribu kuujaza. Aliyeuvunja alikuwa dada mmoja wa kata aliyekuja nasi, ambaye naye alizika mtoto. Alisogeza kiti chake, akataja jina la mwanawe, akasema anamsubiri siku ya kukutana naye. Sentensi mbili tatu tu. Mama yule akamgeukia, akamuuliza, “Wa kwako alikuwa na umri gani?” Somo la siku hiyo likafundishwa na hao wawili, sisi wengine tukisikiliza.

Hii ndiyo kazi ya Amuleki. Katika Alma 10 watu wa Amoniha, waliokuwa wakimdharau Alma kwamba ni mtu mmoja tu, walishangaa kuona yupo shahidi zaidi ya mmoja. Na shahidi wa pili alikuwa mtu waliyemjua: jirani yao, mwenye ndugu na marafiki mjini humo, aliyejipatia mali nyingi kwa bidii ya mikono yake. Mmisionari ni mgeni. Anaweza kuleta ukweli wote, lakini hawezi kuleta miaka. Miaka tunayo sisi. Tumeishi ndoa, tumefiwa, tumelipa zaka katika mwezi mgumu, na jirani anajua.

Lipo jambo jingine dogo la kiutendaji ambalo wengi hawalijui. Wamisionari hawaruhusiwi kubaki faragha na mtu wa jinsia nyingine, hata kwa somo. Wakifika nyumbani kwa mwanamke aliye peke yake wanapaswa kuahirisha, mpaka awepo mtu mzima mwingine wa kuketi nao. Fikiria wajane na wanaoishi peke yao ambao somo lao limesogezwa mbele wiki baada ya wiki kwa sababu tu hapakuwa na muumini wa kuandamana. Katika hali hiyo wewe hufanyi upendeleo ukienda. Wewe ndiye ufunguo wa mlango.

Tuwaalike chakula, ndiyo, na tufanye kwa furaha. Lakini tusiishie hapo. Wakishiba waulize: nani mnamfundisha ambaye ninaweza kuwa rafiki yake? Na muwaruhusu waibariki nyumba kama Alma alivyoibariki nyumba ya Amuleki. Watashiriki andiko, mara nyingi moja tu. Tusiwaambie eti sisi tumeshaamini. Alma alimhubiria Amuleki kwanza.

Tusipime huduma yao kwa idadi ya waliobatizwa, na wao tusiwaache wajipime hivyo. Juni 1830, miezi michache tu baada ya Kanisa kuanzishwa Aprili 6 mwaka huo, Samuel Smith, mdogo wake Nabii Joseph, alitoka na nakala za Kitabu cha Mormoni. Alikuwa na miaka 22. Alikataliwa nyumba hata nyumba, akavunjika moyo. Nakala moja aliiacha kwa mhubiri wa Kimethodisti, John P. Greene. Mke wa Greene, Rhoda, alikuwa dada yake Brigham Young, aliyekuja kuwa Rais wa pili wa Kanisa. Kitabu kikazunguka ndani ya ukoo ule, mkono kwa mkono, na Aprili 1832, baada ya kuchunguza kwa karibu miaka miwili, Brigham Young akabatizwa. Miaka miwili ile hapakuwa na mmisionari anayemsukuma kila siku. Palikuwa na ndugu zake waliosoma pamoja naye.

Nalo ndilo linalonigusa zaidi juu ya wamisionari wetu. Uhamisho huja takriban kila wiki sita. Mtu anaweza kubatizwa Jumamosi, akathibitishwa katika mkutano wa sakramenti Jumapili, na kabla mwezi haujaisha waliomfundisha wakawa wameshafunga mizigo. Wao hawana la kufanya, wameitwa kwingine. Anabaki muumini mpya kanisani, anatafuta uso anaoujua.

Soma Alma 15 kabla hujafunga maandiko wiki hii. Mwisho wa safari yote, Amuleki amepoteza dhahabu yake na fedha yake, amekataliwa na waliokuwa rafiki zake, na baba yake na jamaa zake pia. Alma hakumpongeza kwa imani yake na kumwacha pale. Alimchukua mpaka nyumbani kwake Zarahemla, akamhudumia katika taabu zake, akamtia nguvu katika Bwana. Aliyetoa mkate sasa ndiye anayepewa.

Waumini wapya wa mwaka huu tunawajua kwa majina. Baadhi yao kubatizwa kuliwagharimu ndugu. Naomba kila familia inayosoma tafakari hii ichukue jina moja, impigie mtu huyo kabla ya Jumapili, na imwalike aketi nayo kwenye mkutano wa sakramenti. Ambaye hana jina la kuchukua amwone askofu au rais wa tawi, au awaulize wamisionari. Wao majina wanayo, wanayaombea kila usiku.

Katika jina la Yesu Kristo, amina.