Usiku mama alipomwona Emil

Desemba ile mama alikuja Göteborg, Uswidi, kunitembelea kutoka Tanga. Wiki mbili za kwanza televisheni hakuitaka kabisa. "Wanasema nini hawa? Mimi siwaelewi." Akawa anakaa karibu na hita, kanga juu ya sweta, anatarizi kitambaa chake.

Jioni moja binti yangu, miaka saba, akaweka filamu ya Emil. Ziko tatu, alizotengeneza Olle Hellbom kati ya 1971 na 1973 kutokana na vitabu vya watoto vya Astrid Lindgren, mwandishi wa Kiswidi. Zilipigwa picha kijiji cha Gibberyd, si mbali na mji wa Vimmerby alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Mimi nilizijua kama za kuchekesha tu: mtoto mtundu, kichwa kimenasa kwenye bakuli la supu, baba anafoka, mtoto anaishia kwenye banda la useremala, anachonga kisanamu cha mti. Kila kosa na kisanamu chake.

Ile ilikuwa ya tatu. Alfred, kijana wa kazi anayempenda Emil kama mdogo wake, amejikata kidole na damu imeingia sumu. Theluji imefunga njia, baba mtu anasema kwa daktari, kule mji wa Mariannelund, hakufikiki. Emil anamfunga farasi wake Lukas, anamlaza mgonjwa nyuma, anaondoka.

Sindano ya mama ikasimama.

"Wakubwa wako wapi?"

"Baba amesema hapana, bibi," binti yangu akajibu.

"Amesema hapana, na mtoto kaenda?"

"Kaenda."

Mama akainuka. Kitambaa kikaanguka, hakukiona. Akaanza kusema na farasi, kwa sauti ya chini: "Twende baba, twende, usisimame."

Sikutazama tena filamu, nilimtazama yeye. Alikuwa na miaka kumi na miwili alipompakia mdogo wake kwenye baiskeli usiku wa mvua, kutoka kijijini kwenda hospitali, anasukuma kwenye tope. Mdogo wake hakufika. Alinisimulia mara moja tu nikiwa msichana, kwa maneno machache, na sikuthubutu kumuuliza zaidi.

"Wamefika?" Machozi yalikuwa yamemjaa, haoni vizuri.

"Wamefika, mama."

"Mzima?"

"Mzima. Atapona."

Akakaa taratibu, akashika magoti yake. Kisha akamwambia mjukuu wake arudishe nyuma, pale wanapoondoka nyumbani.