Kiganja cha bibi juu ya mizani

Bibi yangu hajawahi kupima chumvi kwa kijiko. Akitengeneza achari ya embe hutia mkono kwenye kopo la chumvi, akafumba, akatoa, akamwaga juu ya sinia. Mara nne kwa sinia moja, basi. Kwa hiyo mwaka 2021, nilipoamua kwamba achari hii itakuwa biashara yangu, kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa mizani ndogo ya jikoni. Nikapanda nayo bodaboda hadi kwake, nje kidogo ya mji wa Muheza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Na hiyo mizani, umeanza kuuza dagaa?"

Nikamwambia nimekuja kupima kiganja chake. Akanyamaza. Nadhani aliona kama namkosoa. Kisha akachota chumvi, akaimimina kwenye bakuli lililokuwa juu ya mizani: gramu 63. Nikamwomba achote tena: 61. Tena: 64. Tulirudia mara tisa, na kati ya kiganja kizito kuliko vyote na chepesi kuliko vyote hapakuzidi gramu 5. Miaka zaidi ya hamsini ya kuchota chumvi, na mkono haujakosea. Karatasi niliyoandikia namba zile ninayo mpaka leo.

Sinia la bibi linachukua vipande vya embe kilo 4. Viganja vinne ni kama gramu 250. Hivyo ndivyo achari ya kwetu ilivyoandikwa kwa mara ya kwanza.

Embe tunalotumia ni dodo changa, lile ambalo kokwa lake bado linakatika kwa kisu. Likishakomaa kokwa, vipande vinalegea kwenye mafuta na achari inakuwa uji. Tunalikata na ganda lake, tunatoa kiini cha ndani, tunapaka chumvi na binzari ya manjano, tunaacha usiku kucha lijitoe maji. Asubuhi tunamwaga yale maji na kuanika juani. Bibi alikuwa anaanika kwenye ungo na kufunika kwa kanga kuukuu. Mimi natumia vichanja vya mbao vyenye wavu, juu nafunika chandarua, kwa sababu ya nzi.

Namna ya kujua kama limekauka ni ileile ya bibi. Unachukua kipande, unakikunja. Kikivunjika, umepitiliza. Kikikunjika kikaacha unyevu vidoleni, bado. Kinatakiwa kikunjike kama ngozi ya kiatu laini na vidole vibaki vikavu. Jua likiwa kali ni siku mbili, wakati mwingine tatu. Baada ya hapo ndipo mafuta ya alizeti yanapashwa moto, haradali inarukaruka, unatia uwatu, pilipili ya kusaga, siki, na kitunguu saumu.

Hapo kwenye jua ndipo nilipoanguka. Maembe yetu yanaanza wakati wa vuli, na vuli ina mvua. Novemba ya mwaka wa pili duka moja la mjini Tanga liliagiza vichupa 60. Oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Mawingu yakakaa siku nne. Nikaanika siku moja tu, nikajiambia siki itafidia. Baada ya wiki tatu nikapigiwa simu: vifuniko vimevimba, mafuta yanachuruzika kwenye rafu. Vikarudi vichupa 37. Nilivifungua kimoja kimoja uani kwa bibi, povu likipanda, na harufu yake ikinikaba koo kama pombe ya jana. Nikafukia vyote nyuma ya migomba. Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Embe lilikuwa bado linalia, wewe ukalifungia mlango."

Ndipo nikaenda SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, kusoma usindikaji wa vyakula, na ninamsihi kila anayetaka kuuza chakula cha chupa aanzie huko badala ya kuishia huko kama mimi. Pale nilijifunza sababu ya vitu ambavyo bibi hufanya bila kueleza. Kwa nini yeye huloweka kitunguu saumu kwenye siki kabla ya kukitia? Kwa sababu kitunguu saumu kibichi kikizama kwenye mafuta, pasipo hewa na pasipo uchachu, kinaweza kulea bakteria wa sumu inayoua. Uchachu unapimwa kwa pH, namba ambayo ikishuka uchachu umezidi, na lazima iwe chini ya 4.6. Ya kwetu inasoma kati ya 3 na 4. Kwa nini hapiki achari kwenye sufuria ya alumini? Kwa sababu uchachu unaila ile alumini. Alikuwa na chungu chake maalumu, na sisi watoto tulidhani ni ushirikina.

Upande wa vibali, tangu 2019 usalama wa chakula uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania, si TFDA tena, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO, anapewa barua ya utambulisho. Wakaguzi walikuja, wakanitaka nitenganishe jiko la achari na jiko la nyumbani, niweke dari na wavu madirishani. Ilinichukua miezi. Sikuona kama usumbufu. Nilikuwa nimeshafukia vichupa 37.

Mnaoniuliza faida, sikilizeni jambo moja: kinachokula pesa si embe. Maembe kilo 20 nayapata shambani kwa shilingi 8,000, na mengine ni yale yaliyoangushwa na upepo ambayo mwenye shamba angeyaacha yaoze. Yakishatolewa viini, yakakauka, yakaungwa, natoa vichupa 44 vya gramu 250. Vichupa vitupu peke yake, kwa 1,100 kila kimoja, ni shilingi 48,400. Nauza 4,000. Ukimkopesha mwenye duka akakaa na pesa yako miezi minne, kama nilivyofanyiwa, huna mtaji wa vichupa vya msimu unaofuata na maembe yanakupita ukiyaona. Siku hizi nakopesha kichupa kimoja katika vitatu, si zaidi, hata kwa ndugu.

Mwaka huu fundi seremala ananitengenezea sanduku la kukaushia lenye paa la nailoni, ili vuli ikija nisisimame. Bibi amelitazama, akaingiza mkono ndani kusikia joto lake, akasema tujaribu sinia moja kwanza, na kipande cha kwanza atakikunja yeye.