Kugeuza vizio peke yake hakutoshi: ninavyokagua hesabu za mkazo wa bomba

Ushauri ninaokutana nao kila mara ni huu: geuza data zote ziwe za SI (mfumo wa kimataifa wa vizio), umemaliza. Unaniudhi kuliko wowote, kwa sababu vizio vimejificha pia kwenye namba zilizomo ndani ya fomula.

Chukua bomba la mafuta la inchi 24: kipenyo cha nje mm 610, unene wa ukuta mm 12.7, presha bar 100. Katika ASME B31.4, kanuni ya Kimarekani ya mabomba ya mafuta, mkazo wa mzingo (unaovuta ukuta kuzunguka bomba) kwa SI ni PD/20t: D ni kipenyo cha nje, t ni unene, P ni presha, na P hiyo ni bar. Jibu: MPa 240. B31.8, ya gesi, hutumia PD/2000t, P ikiwa kPa. Weka 10,000 upate 240 ile ile. Sasa mtu aliyefuata ushauri anageuza bar 100 kuwa MPa 10, anaziingiza kwenye 20t, inatoka MPa 24. Ukomo wa X52, daraja la chuma cha bomba, kwa kigezo cha usanifu cha 0.72 (sehemu ya nguvu ya chuma inayoruhusiwa) ni kama MPa 259, basi kisanduku cha Excel kinakuwa kijani na hakuna anayeuliza. Angeweka bar kwenye 2t angepata 2,402 na kushtuka papo hapo. Ndiyo maana nawinda kwanza kosa linalopunguza mkazo; linaloongeza hujitangaza lenyewe.

Mstari wenye presha kubwa kabisa naurudia kwa mkono, kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba) na inchi: 1,450 × 24 ÷ (2 × 0.5) = 34,800. Gawanya kwa 145 (psi za MPa moja), unarudi MPa 240.

Kwenye joto, ukigeuza °C kuwa °F, tofauti haiongezewi 32. Tofauti ya 40°C ni 72°F, siyo 104. Kwa bomba la chuma lililobanwa ardhini, mkazo wa joto EαΔT (ugumu wa chuma × kigezo cha kutanuka × tofauti ya joto) ni kama MPa 95. Ukiweka 104 inafika 137. Momenti ya kupinda ya N·m ukiigawa kwa Z (moduli ya sehemu ya bomba) ya mm³, zidisha kwa 1,000 upate MPa.

Namba ngeni ndani ya fomula naifumua mpaka nijue ilikotoka. Ile 20 ni 2 × 10, kwa kuwa MPa 1 ni bar 10. Kigezo cha unyumbufu cha B31.3 (kanuni ya mabomba ya viwandani), Dy/(L−U)², upande wa kulia kina ukomo wenye 30 kwa inchi na futi, lakini 208,000 kwa SI. Inchi moja kwa futi ni mm 83.33 kwa mita. Kipeo chake cha pili ni 6,944, mara 30 ni 208,320. Hapo D (kipenyo) na y (mwendo ambao bomba linapaswa kuumeza) ni milimita, L (urefu wa bomba) na U (umbali wa moja kwa moja kati ya nanga zake) ni mita. Ukiandika urefu kwa milimita, upande wa kushoto unashuka mara milioni, na kila bomba litapita.