Niliua chipu ya Mwalimu, nikaifufua kwa namba

Kosa lilikuwa langu, tuanzie hapo.

Kibanda changu kiko jirani na Soko la Mbuyuni hapa Moshi. Natengeneza redio, amplifaya na vinanda vya makanisa. Mwaka juzi alikuja Mwalimu wetu wa kwaya, mzee aliyestaafu zamani lakini mpaka leo hakuna anayethubutu kushusha sauti mbele yake. Ndani ya mfuko wa sandarusi alikuwa na Commodore 64, ile kompyuta ya rangi ya kahawia ambayo kibodi na mashine ni kitu kimoja. Aliachiwa na mgeni wa Kijerumani, pamoja na deki yake na kaseti za michezo. Mwalimu hakuwahi kucheza mchezo hata mmoja. Alikuwa anawasha, anasubiri kaseti imalize kupakia, halafu anavuta kiti na kusikiliza muziki wa ukurasa wa kwanza.

Transfoma yake ilikuwa imepotea. Mashine hiyo inataka volti 5 za DC na volti 9 za AC, kitu cha kawaida tu. Nikaunga-unga ya kwangu kwa regyuleta, kile kijipande cha kushikilia volti zisizidi, niliyoing'oa kwenye deki mbovu, nikafanya haraka kwa sababu kulikuwa na mteja mwingine amesimama mlangoni na bodaboda inamngoja. Skrini ikawaka bluu. Kaseti ikapakia. Muziki ukalia labda nusu dakika, kisha ukakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Picha ilibaki, sauti ikafa. Nilipofungua na kugusa chipu ya sauti nilibabuka kidole. Nikapima njia ya volti 5 na kukuta karibu 8.

Mwalimu alisema, "Haya, fundi. Kifaa ni kifaa." Angenifokea ningelala vizuri zaidi.

Chipu yenyewe inaitwa SID, namba yake 6581. Haitengenezwi tena. Zilizobaki zinauzwa na wakusanyaji wa nje kwa bei ya kukufanya ukae chini, na kati yake zimo bandia tele. Kwa hiyo nikajiambia, kama siwezi kuinunua, nitaandika programu inayofanya kila inachofanya. Lugha ya C nilikuwa naijua kidogo kutokana na kuchezea vichipu vya kudhibiti taa na pampu. Nilidhani ni kazi ya wikiendi mbili. Ilichukua miezi saba.

SID ilibuniwa mwaka 1981 na Mmarekani Bob Yannes, wakati kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa zinalia "pii" na "puu" tu. Yeye alitaka ala ya muziki, na baadaye alikwenda kushirikiana na wenzake kuanzisha Ensoniq, kampuni ya vinanda. Ndani mna sauti tatu, na kila sauti inaweza kuchagua umbo la wimbi: pembetatu, msumeno, mraba unaoweza kupanuliwa na kubanwa, au kelele. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inaiamuru kwa kuandika namba kwenye rejista zake, yaani vijisanduku vya kuwekea namba ndani ya chipu. Rejista zote ni 29.

Sehemu iliyonifungua macho ni jinsi sauti inavyozaliwa. Chukua ndoo. Kila saa ya mashine inapogonga, unamimina kipimo kilekile cha maji. Ndoo ikijaa inajimwaga yote papo hapo, unaanza upya. Idadi ya kumwagika kwa sekunde ndiyo noti unayoisikia, na ukitaka noti ya juu unaongeza kipimo. Ukichora kimo cha maji, kinapanda taratibu na kuanguka ghafla: hilo ni wimbi la msumeno. Ukisema "maji yakivuka mstari huu washa, yakiwa chini zima", umepata mraba. Ndoo ya SID ina biti 24, yaani inajaa ikifika 16,777,216, na saa ya mashine za Ulaya inagonga mara 985,248 kwa sekunde. Katika C ni mistari isiyofika kumi. Siku nilipoisikia inalia kwenye spika ya dukani nilicheka peke yangu mpaka mama wa mchicha wa kibanda cha pili akauliza kulikoni.

Kilichofuata hakikuchekesha. Nyimbo nilizipata kwa urahisi, kwani kuna hazina iitwayo High Voltage SID Collection yenye mafaili zaidi ya 50,000, na bando halikuniumiza kwa sababu wimbo wa dakika tano unaweza kuwa kilobaiti nne au tano. Picha moja ya harusi mnayotumiana inazishinda nyimbo hizo mia. Udogo huo una sababu: ndani ya faili hamna sauti iliyorekodiwa. Mna programu ya mtunzi mwenyewe, pamoja na namba zake za noti. Maana yake ukitaka kuisikia ni lazima uigize pia prosesa, ile 6510, amri baada ya amri. Sitawachosha. Wiki tatu zilipotea kwa sababu nilikosea biti ya kubeba kwenye amri ya kutoa, na nyimbo zote zikawa zinaimba kama mtu anayeteremka mlima kwa baiskeli isiyo na breki. Kabla ya hapo nilikuwa nimeandika yote kwa Python, lugha nyingine ya programu, na dakika moja ya muziki ilihitaji zaidi ya nusu saa kupikwa. Betri ya kompyuta yangu mpakato ilikufa zamani, hivyo umeme ukikatika naanza upya. Ndipo nikarudi kwenye C.

Hatimaye nikapata wimbo mzima. Ulikuwa wa Rob Hubbard, Mwingereza, alioutunga mwaka 1985 kwa ajili ya mchezo wa Monty on the Run. Nikampigia Mwalimu simu, akaja na fimbo yake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Haya, tusikie."

Alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika. Nilikuwa nasubiri sifa.

"Umeshusha," akasema.

"Nimeshusha nini, Mwalimu?"

"Wimbo. Wote. Umeshuka, na unakokota miguu." Mezani kulikuwa na kinanda cha usharika mmoja, nilikuwa nimemaliza kukibadilishia soketi. Akakiwasha, akabonyeza noti moja huku wimbo ukirudia, na kweli sauti mbili zile zikawa zinagombana, wau-wau-wau.

Nikaona mzee anazeeka vibaya. Alipoondoka nikapima. Noti ya La ya kinanda ni hezi 440, yaani mitikisiko 440 kwa sekunde, na kwa SID unaipata ukiandika 7493 kwenye rejista. Multimita yangu ikasoma 433 na ushee. Basi ni mimi. Nilikuwa natoa sampuli, yaani vipimo vya sauti vinavyopelekwa kwenye spika, 44,100 kwa sekunde, na saa ya chipu ikigawanywa kwa idadi hiyo unapata mizunguko 22.34 kwa kila sampuli. Mimi niliandika 22, ile 0.34 nikaitupa kama chenji ya shilingi. Asilimia moja na nusu. Noti zilishuka karibu robo ya nusu-toni, na mwendo nao ukapungua kwa kiasi hichohicho. Yote mawili mzee aliyasikia kwa mara moja, bila multimita. Nilirekebisha kwa kuibeba ile sehemu iliyobaki na kuijumlisha kwenye hesabu ya sampuli inayofuata.

Toka siku hiyo akawa anakuja kila Jumamosi akitoka sokoni. Swali lake kubwa lilikuwa la kikwaya. Yeye ana soprano, alto, tena na besi. Hawa vijana waliotunga nyimbo za michezo walikuwa na sauti tatu, na bado yeye anasikia kodi kamili (noti kadhaa zinazolia pamoja), besi, ngoma, na mwimbaji juu yake. Wengine wamejificha wapi?

Nikamchapishia karatasi ya kila namba inayoandikwa kwenye rejista za wimbo mmoja wa Martin Galway, kijana wa Belfast aliyekuwa akiwatungia Ocean, kampuni ya michezo ya kompyuta kule Manchester. Programu ya muziki huitwa mara 50 kwa sekunde, kila picha ya skrini inapochorwa upya. Mwalimu akatoa kalamu, akaanza kugeuza namba kuwa sol-fa: d, m, s, d, m, s, d, m, s. Sauti moja tu, inabadili noti kila moja ya hamsini ya sekunde. Sikio haliwezi kuzifuata, linakubali kwamba ni kodi, ila kodi yenye kumetameta kama bati jipya juani. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Huyu hana wanakwaya, kwa hiyo anamkimbiza alto ngazini, juu chini, juu chini!"

Na ngoma? Ngoma iko ndani ya besi. Kwenye pigo, sauti ya besi inageuzwa kuwa kelele kwa sehemu moja au mbili za hamsini, kisha inarudi kwenye noti yake kama vile haikwenda popote. Hubbard alikuwa bingwa wa hilo, na anafanya besi iruke oktavu kwenda na kurudi ili ionekane ni watu wawili. Halafu anaiteleza noti ya juu, anaitetemesha kidogo mwishoni, unadhani kuna mpiga fidla. Yote hayo aliyaandika kama namba kwenye lugha ya mashine. Mimi naona hao walikuwa mafundi kwanza, wasanii baadaye. Mwalimu anabisha. Tumeshabishana hilo zaidi ya mara nne. Nilipomwambia Galway ni mpwa wa mpiga filimbi mashuhuri James Galway, akasema, "Umeona!" kana kwamba ndiyo hukumu.

Siku moja akauliza ngoma za wimbo wa mchezo wa Arkanoid zimekwenda wapi. Ni wa Galway pia, wa mwaka 1987, miongoni mwa nyimbo za mwanzo za mashine hiyo kutumia sauti zilizorekodiwa. Nikamwambia hamna ngoma. Akanitazama tu.

Zilikuwemo. SID haina mahali pa kuchezea rekodi, lakini ina rejista ya sauti kuu, ile ya kuongeza na kupunguza, yenye ngazi 16. Watunzi waligundua kuwa ukiichezesha maelfu ya mara kwa sekunde, spika inafuata na kutoa umbo lolote unalotaka. Kinachowezesha hilo ni kasoro: kwenye 6581 kuna volteji kidogo inayovuja kwenye njia ya kutokea hata kama sauti zote zimenyamaza, na volyumu inaitikisa hiyo. Kwenye toleo la baadaye, 8580, waliisafisha, na ngoma za nyimbo za zamani zikafifia. Mimi bila kujua nilikuwa nimejenga chipu safi kuliko zote: kimya mara volyumu ni sifuri, na sifuri mara 15 ni sifuri. Nikaongeza namba moja isiyobadilika kwenye mchanganyiko, yaani uchafu wa makusudi. Ngoma zikaja, kavu na zenye mikwaruzo, mpaka kioo cha kabati kikatikisika. Nilikuwa nimetumia miezi mitano nikiondoa kila mkwaruzo niliousikia.

Baada ya hapo nikarudi nyuma, nikaanza kurudisha mikwaruzo.

Iliyobaki ilikuwa filta, yaani kichujio cha sauti, na filta ya 6581 ni balaa. Haikutoka kama Yannes alivyokusudia. Unaiandikia namba kati ya 0 na 2047, lakini namba hiyo inakata sauti wapi inategemea chipu uliyonayo, maana hazikutoka kiwandani zikifanana. Mashine mbili zenye tarehe zinazokaribiana, wimbo mmoja, besi mbili tofauti. Watu kama Dag Lem, aliyeandika reSID, programu ya kuiga SID, wamepima chipu halisi na kutafuta hesabu zake. Nilisoma kazi yake usiku mwingi na kunufaika nayo. Lakini chipu waliyoipima si ya Mwalimu. Ya Mwalimu niliiunguza mimi, na sauti yake haikurekodiwa popote.

Ilikuwa kichwani mwake tu. Kwa hiyo Jumamosi moja nikafunga mlango nusu, nikamwekea kiti mbele ya spika. Nilikuwa nimetengeneza vitufe viwili, kimoja kinapandisha mkunjo wa filta na kingine kinaushusha, na nikachagua wimbo wa kaseti zake ambao besi yake inapita kwenye filta mwanzo mpaka mwisho. Akafumba macho.

"Inaongea puani."

Nikashusha.

"Sasa ana mafua huyo. Panda. Bado. Panda kidogo. Hapana, umempita."

Tulikwenda hivyo karibu saa nzima. Mteja mmoja alichungulia, akaona mzee kafumba macho na mimi nabonyeza vitufe, akaondoka. Nilianza kufikiri kwamba Mwalimu hakumbuki, anachagua tu kinachompendeza, na pengine ni kweli.

"Hapo," akasema. Mkono wake ulikuwa hewani kama anaizuia sauti ya tena isiingie mapema. "Hapo. Usiguse."

Nikaiandika ile namba kwenye programu, 611, na pembeni yake nikaandika: ya Mwalimu.