Helsinki mpaka Stockholm: naenda kwa ndege, narudi kwa meli

Mimi naishi Helsinki, dada yangu yuko Stockholm, kwa hiyo hii njia nimeshaizoea. Kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 400, yaani kwa Mtanzania ni kama Dar na Dodoma tu, ila usije ukasema utachukua gari maana katikati ni bahari, ukitaka nchi kavu tupu unapanda mpaka Tornio kule juu kabisa, unavuka mpaka, halafu unaanza kushuka upya, inapita kilomita 1,700. Nani ana hiyo nguvu.

Sasa ndege. Tiketi inaandika kama saa moja, lakini kuwa angani kwenyewe ni kama dakika 45, hizo zingine ni ndege kuzungukazunguka kwenye lami, na wakikupa ya pangaboi inakawia kidogo. Kinachowachanganya watu ni saa. Finland iko mbele ya Sweden kwa saa moja, basi unaondoka saa moja asubuhi unatua saa moja hiyohiyo asubuhi, kama hujasafiri vile! Kurudi sasa, tiketi inasoma masaa mawili, mtu anadhani ndege inapitia kwingine kumbe ni ileile.

Na hiyo saa moja ya kwenye tiketi ni ya ndege tu jamani. Toka mjini Helsinki treni mpaka eapoti nusu saa, uwahi, ukaguliwe, usubiri, halafu Arlanda, eapoti ya Stockholm, iko kama kilomita 40 nje ya mji, kuna treni ya haraka ya dakika 20 ila bei yake inauma, mimi napanda basi. Toka mlangoni kwangu mpaka kwa dada ni masaa manne na ushee.

Kwa hiyo nilivyojipanga ni hivi, kwenda napanda ndege ya alfajiri, saa inanirudishia muda na siku nzima naipata. Kurudi napanda meli. Inang'oa nanga Stockholm kama saa kumi na moja jioni, inafika Helsinki kwenye saa nne asubuhi, ile saa moja ya kupoteza inapotea nimelala. Kebini ya bei chee ni ile ya chini kabisa, chini ya magari, haina dirisha na unasikia mashine inavuma usiku kucha, mimi nalala fofofo. Halafu begi hakuna anayelipima kilo, dada ananijazia unga, dagaa, mawese, nani atakuuliza? Kwenye ndege ya bei rahisi ungelipia mpaka ukome.

Meli inasimama usiku Mariehamn, visiwa vya Åland, na kwa sababu vile visiwa viko nje ya utaratibu wa kodi wa Umoja wa Ulaya, duka la melini linauza bila ushuru, utaona watu wazima wanasukuma bia kwa vitoroli.

Simu iweke mode ya ndege mkishaacha visiwa vya Stockholm, mtandao wa melini hauko kwenye bando lako na bili yake utaisimulia. Na kama unaweza usipande Ijumaa, kebini ileile bei inapanda sana, mimi narudi katikati ya wiki.