Aaron Donald alikuwa mtu wa hatari jamani

Mi mpira wa Wamarekani nilikuwa siuelewi kabisa, ila naishi Ohio na kazini karibu kila mtu ni shabiki wa timu ya Bengals, basi fainali yao na Rams ya Februari 2022 wakaniita tuangalie pamoja. Mwishoni kabisa Rams wanaongoza 23-20, Burrow, mrusha mpira wa Bengals, anatafuta pa kurusha, mara jamaa namba 99 wa Rams, ndo huyo Donald, kashamkamata anamzungusha, mpira ukatupwa hovyo ukadondoka chini, mwenyewe anakimbia anaonyesha kidole cha pete, yaani pete ya ubingwa ni yao, sebule nzima wamenuna mi ndo nacheka!! Kumbe kwenye drafti ya 2014, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Donald aliitwa wa 13 sababu walimwona mfupi. Kabeba tuzo ya mchezaji bora wa ulinzi mara tatu, alafu 2024 kastaafu na miaka 32 tu, sijui nani kamroga.