Uzoefu wangu: wiki moja Mediterania kwenye meli mpya, nikitokea Kigoma

Tiketi ya meli alilipa mdogo wangu anayeishi Torino, ambaye ndo nilisafiri naye, hilo nalisema mapema ili mtu asianze kupigia hesabu duka langu la vitenge pale Mwanga, Kigoma. Ila vyote vilivyobaki, viza, ndege, hela ya matumizi na akili ya kujua kipi ni bure na kipi kinakatwa kimya kimya, hivyo vilikuwa juu yangu, na ndo ninavyotaka kuvieleza maana kabla sijaenda nilitafuta mtu wa huku kwetu wa kunielekeza nikakosa, wote wanaosimulia hizi safari ni Wazungu ambao viza hawaijui hata harufu yake.

Meli yetu ilianzia Savona, Italia, ikaenda Marseille, Barcelona, Palma, Palermo, Civitavecchia halafu ikarudi Savona. Nchi zote hizo tatu, Italia, Ufaransa na Hispania, ziko Schengen kwa hiyo viza ni moja tu, unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwangu ikawa Italia. Lakini soma ratiba ya meli kabla hujajaza fomu, kuna zinazochomoka katikati kwenda Tunisia au Uturuki, na ukishatoka nje ya Schengen na viza ya kuingia mara moja basi ndo umeishia hapo, unatakiwa uwe na ya kuingia mara nyingi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima ya safari isipungue yuro 30,000, na kama hujawahi kuomba, alama za vidole unatoa wewe mwenyewe, kwa hiyo Dar lazima ufike, hakuna cha kumtuma shemeji. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Majibu kwa kawaida siku 15 ila wanaweza kuvuta mpaka 45, sasa sisi wa Kigoma ukiongeza na kwenda na kurudi Dar, anza mapema aisee, mi nilianza mara tu dirisha lilipofunguka.

Shida kubwa ya mwenye duka ni kwamba hana hati ya mshahara. Nilipeleka leseni ya biashara, TIN, karatasi ya TRA ya kuonyesha sidaiwi kodi, hati ya kiwanja, cheti cha ndoa, barua ya mwaliko ya mdogo wangu pamoja na kopi ya kibali chake cha kuishi Italia, na uthibitisho wa chumba cha meli ambao ndo unasimama badala ya hoteli. Ila kitu naamini kilichonibeba ni statement ya benki. Hela ya Mwanga inalala kwenye mkoba na kwenye simu, tunajuana, sasa mi miezi kadhaa kabla nilianza kupeleka mauzo benki kila Jumatatu hata kama ni kidogo, kwa sababu wanataka waone akaunti inapumua, siyo milioni kadhaa zimeingia juzi kwa mkupuo halafu kabla ya hapo jangwa. Kuna kijana alinifuata Dar akasema ana mtu wake ndani, nimpe laki tano mambo yanyooke, nikamwambia mwanangu hiyo laki tano mi nanunulia doti za vitenge.

Mzigo nilibeba mdogo. Dagaa wakavu wa Kigoma kwa ajili ya mdogo wangu walipita bila tatizo kwa sababu samaki kwa matumizi binafsi wanaruhusiwa kuingia Ulaya, nyama na maziwa ndo marufuku, kwa hiyo usijaribu kubeba samli ya bibi. Pasi ya nguo acha nyumbani, melini hawataki pasi wala kitu chochote cha kupasha moto chumbani, wanaogopa moto kuliko maji, mizigo inapita kwenye mashine na pasi yako wanaitoa wanaiweka kando mpaka siku ya kushuka. Na beba pilipili ya kusaga. Nasisitiza, beba pilipili.

Sasa meli. Sitaji kampuni nisionekane natangaza biashara ya watu, ila imeundwa Turku, Finland, kwenye kiwanda cha Meyer, inatumia gesi ile ya kimiminika kwa hiyo hakuna moshi mweusi juu ya bomba, ina urefu wa mita 337 na inabeba zaidi ya abiria 6,000. Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika ina mita 71 na abiria 600. Na hapa kuna jambo lilinifurahisha mpaka nikamsumbua mdogo wangu usiku mzima: Meyer ni hao hao wa Papenburg, Ujerumani, waliounda Liemba mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku, ikapakiwa meli hadi Dar, ikapanda treni, ikaja kuunganishwa Kigoma na kushushwa ziwani 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa hiyo ukiwa mtu wa Kigoma umekaa kwenye meli ya Meyer, usijione mgeni sana, fundi wenu ni mmoja.

Kwa ukubwa huo usitegemee kusikia bahari. Siku ya kwanza kazi ni kupotea. Korido ni ndefu hadi mwisho wake huuoni, milango yote inafanana, mdogo wangu alifunga kamba ya kitenge kwenye kitasa chetu na wazee wawili wa Kifaransa wa mlango wa jirani wakawa wanakitumia kama alama yao pia. Chumba tulichokuwa nacho ni cha ndani, hakina dirisha, ndo cha bei nafuu, na kiukweli kilinitosha maana ni pa kulala tu, ila ukizima taa hujui kama ni usiku au mchana, tuliacha tivii kwenye ile chaneli inayoonyesha mbele ya meli ili tujue kumekucha. Choo kinavuta kwa upepo na kina mlio wa kushtua, funga kifuniko kwanza ndo ubonyeze. Kibla nilitafuta kwa dira ya simu nikiwa sitaha ya juu, chumbani dira inachanganyikiwa na chuma, na ukumbuke meli inageuka kwa hiyo ya Alfajiri siyo ya Isha.

Kabla haijaondoka kuna zoezi la dharura, mlio mfupi mara 7 halafu mmoja mrefu, unaenda kituo kilichoandikwa kwenye kadi yako wanakuskani. Kuna watu walikuja na glasi za vinywaji wanacheka. Mi sikucheka. Mtu aliyekuwa na akili zake Mei 1996 MV Bukoba ilipozama hawezi kucheka kwenye zoezi kama lile, na mama yangu Ujiji swali lake la kwanza kwenye simu lilikuwa "hiyo meli yenu ina maboya ya kutosha?" siyo chakula wala vyumba. Hata huko kwao wana ya kwao, Costa Concordia iligonga mwamba kisiwa cha Giglio Januari 2012 ikiwa imetoka Civitavecchia kwenda Savona, wakafa watu 32, na wengine walikuwa wamepanda siku ile ile hawajafanyiwa zoezi. Baada ya hapo ndo ikawa lazima zoezi lifanyike kabla ya kung'oa nanga. Niliangalia boya liko wapi chumbani, nikahesabu ngazi mpaka kituoni, nikampigia mama nikamwambia yapo, na ya watoto yapo.

Haya, kadi. Hii ndo sehemu nataka usome taratibu. Melini hela taslimu haitumiki, wanakupa kadi moja inafungua mlango, inakutambulisha ukishuka na kupanda, na ndo unalipia. Unaiunganisha na kadi ya benki au unaweka amana ya taslimu mwanzoni, sisi tuliweka taslimu kwa makusudi ili ikiisha tujue imeisha. Bure ni chumba, bafe, mgahawa mkubwa wa jioni, maonyesho na mabwawa. Vingine vyote kadi inalia: soda, kahawa ya baa, aiskrimu za dukani, ile migahawa midogo ya mpishi maarufu, saluni, picha wanazokupiga bila kuuliza. Hata maji ya chupa mezani usiku yanalipiwa, ila kwenye bafe maji ya kawaida ni bure, tulikuwa tunakunywa huko kwanza. Halafu kuna ada ya huduma inayokatwa kila siku kwa kila mtu, kwetu ilikuwa yuro kumi na kitu, utaikuta kwenye bili utake usitake, kwa hiyo ihesabu mapema kama sehemu ya nauli. Kuna vifurushi vya vinywaji wanavisukuma sana siku ya kwanza, na mara nyingi watu wazima wote wa chumba kimoja mnatakiwa mchukue. Kama hunywi pombe achana navyo, hesabu haiji hata uigeuze vipi.

Simu nayo. Meli ikishaacha bandari kuna mtandao wa setilaiti unaojiunga wenyewe na unakula hela vibaya sana, weka simu kwenye hali ya ndege kabla hamjaondoka. Wifi ya meli ni ya kununua, hatukununua. Mdogo wangu alinipa laini ya Italia, na tangu 2017 laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya inafanya kazi nchi nyingine kwa bei ile ile ya nyumbani, kwa hiyo Marseille, Barcelona na Palma zote nilikuwa hewani nikishuka, kijana wangu wa dukani ananitumia mauzo ya jana.

Kula unakula, huko ndo usiogope. Nguruwe ni mwingi kwenye meli yenye Waitalia, ila kila sahani ina kibao na wahudumu ukiwauliza wanajua, wengi wao ni Wafilipino, Wahindi na Waindonesia, kuna dada mmoja wa Indonesia alivyoona mtandio wangu kila jioni alikuwa ananiambia kabla sijauliza, "mama, this one no." Samaki, tambi, wali wa baharini, mboga, unashiba. Chumvi ya kutosha, pilipili hakuna, nilishasema.

Mawimbi tuliyaonja kati ya Marseille na Barcelona, hapo wanaita Ghuba ya Lion na kuna upepo unashuka kutoka bonde la mto Rhône, unaitwa mistral, hauna adabu. Meli inatoa mapezi pembeni chini ya maji kuzuia kuyumba, kwa hiyo ni kama kulewa kidogo tu ukitembea, aliyezoea boti za Kibirizi kwenda Mwamgongo ziwa likiwa limechafuka hawezi hata kushtuka. Watu walikuwa wamelala kwenye makochi wameshika matumbo mi natafuta bafe.

Bandari siyo zote sawa na hili hawakwambii wakati wa kuuza. Savona, Palermo, unashuka uko mjini. Marseille gati iko mbali kabisa na mji, bila basi hufiki. Civitavecchia ndo wanaiita Roma lakini Roma iko kama kilomita 80. Ziara ya meli kwenda Roma ni ghali, sisi tukapanda treni ya kawaida ya mkoa mpaka stesheni ya Roma San Pietro, kama saa moja hivi, ukishuka hapo unatembea kwa mguu unalifikia kanisa la Mtakatifu Petro. Mabega na magoti lazima yafunikwe, nilimwona mzungu mmoja mwenye kiblauzi cha mabega wazi anarudishwa mlangoni, nikatoa kitenge kwenye mkoba nikamfunga, akapita. Ila kwa treni angalia saa, maana meli inamsubiri aliyekwenda na ziara yao tu, wewe wa treni ukichelewa inakuacha na viza yako mkononi. Saa ya kurudi melini huwa ni nusu saa au zaidi kabla ya kuondoka, na wameandika 17:30 yaani saa kumi na moja na nusu jioni, sisi tulijiwekea kurudi saa kumi.

Niliyoipenda kuliko zote ni Palermo. Soko la Ballarò wachuuzi wanapiga kelele kwa nyimbo, samaki upanga kichwa kimesimamishwa juu ya barafu na pua yake ndefu inaangalia juu, na kuna wanachouza kwenye mkate kinaitwa panelle, unga wa dengu umesongwa kama ugali umekatwa vipande umekaangwa kwenye mafuta, nikaonja nikamwambia mdogo wangu hizi ni bhajia jamani, bhajia bapa. Nikatoa pilipili yangu mkobani nikanyunyiza. Muuzaji akaomba kidogo, akalamba, akaita mwenzake naye alambe, wakanikatalia hela ya kipande cha pili. Barcelona na kanisa lao la Sagrada Família, lilianza kujengwa 1882, ni zuri, lakini tiketi ununue mtandaoni kabla, pale mlangoni hupati.

Usiku wa mwisho mabegi makubwa yanawekwa nje ya mlango na yanachukuliwa, kwa hiyo bakiza nguo ya kuvaa asubuhi, na bili pitia usiku huo huo, asubuhi foleni ya mapokezi ni ndefu kuliko ya sukari Ramadhani. Ya kwetu ilikuwa na ada za huduma, basi la Marseille, chupa mbili za maji na juisi ambayo mdogo wangu alikuwa anaikana hadi alipoonyeshwa sahihi yake. Chenji ya amana tukarudishiwa taslimu, ikatosha nauli ya treni ya wote wawili mpaka Torino.